Tikisa Kabla ya Kutumia

 Msikilizaji wangu, kama uko jikoni, kaa huko huko, usiache chungu. Baadaye kidogo nitakuomba glasi ya maji, yai bichi na chumvi.

Kabla sijapata kazi hii ya kuongea na watu nisiowaona, niliwahi kushinda kwenye steshenari ya wanafunzi: fotokopi, kuprinti, laminesheni, picha za pasipoti. Kitu nilichokiogopa pale ni katriji. Mpya ilikuwa inakula faida ya wiki nzima, kwa hiyo tulikuwa tunajaza wino kwa bomba la sindano. Unabandua lebo ya juu, unatafuta kitundu, unachoma, unasukuma taratibu huku umeziba pumzi. Ukizidisha, wino unachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na siku tatu unatembea na mkono wa bluu.

Basi siku moja tunafungua baada ya sikukuu ndefu, anaingia kijana na tasnifu yake, kurasa 80, mwisho wa kukabidhi ni saa sita mchana. Ukurasa wa kwanza ukatoka na michirizi. Wa tatu umefifia kama umeoshwa. Wa tano ukatoka mweupe pe. Kijana ananitazama, mimi naitazama printa. Nikachomoa katriji, nikalowesha tishu kwa maji ya uvuguvugu, nikaikandamiza chini kwenye yale matundu yake, nikasubiri. Kwenye tishu ikabaki alama ndogo ya mraba, nyeusi. Hapo nikajua koo limezibuka. (Hiyo ni tishu ya kupangusia, siyo tishu ya mwili. Leo zote mbili zinatuhusu, kwa hiyo nisikilizeni kwa makini.)

Tangu siku ile naamini printa ya wino inajua sana kuchora. Kinachoisumbua ni koo. Na hicho ndicho kinachowahangaisha, hadi leo, watu wanaotaka kutumia printa ya namna ile ile kupanga seli hai, tone kwa tone, mpaka zijenge kipande cha mwili.

Habari yenyewe si mpya kama magazeti yanavyotuaminisha. Mwaka 1988, huko Texas, mtafiti aitwaye Robert Klebe alieleza jinsi alivyotumia printa ya wino ya kawaida kupanga protini inayonatisha seli. Pale palipochapwa protini, seli zilijishikiza, pasipochapwa, hazikukaa. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kabla ya wengine kuthubutu kuziweka seli zenyewe ndani ya katriji. Kwenye Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, Thomas Boland na wenzake walichukua printa za mezani, hizi za Hewlett-Packard ambazo ofisi nyingi zilikuwa zinazitupa, wakazirekebisha, wakamwaga wino na kuweka maji yenye seli. Mwaka 2005 walitoa majibu ya seli za hamsta na za mishipa ya fahamu zilizopita katika printa ya namna hiyo: zilizopasuka hazikufika asilimia 8.

Hapo lazima usimame kidogo, kwa sababu printa ile inatumia moto. Ndani ya katriji, nyuma ya kila tundu, kuna kipande kidogo kinachopashwa umeme mpaka kinafika nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Maji yanayokigusa yanageuka mvuke, povu linavimba, linasukuma tone nje. Seli hai inapitaje kwenye nyuzi 300? Inapita kwa sababu moto wenyewe unadumu mikrosekunde chache tu. Umewahi kupitisha kidole kwenye mwali wa mshumaa upesi upesi, utotoni, kuwatisha wadogo zako? Ni hivyo hivyo. Maji yanayobaki yanapanda joto kwa nyuzi chache tu. Xiaofeng Cui na wenzake, akiwemo Boland, walizichunguza seli hizo mwaka 2010 wakakuta karibu asilimia 89 ziko hai, ila ngozi zao zimetobokatoboka vitundu vidogo vidogo, na vitundu hivyo vinajiziba vyenyewe baada ya saa chache. Seli ni ngumu kuliko tunavyodhani.

Huko Japani, Makoto Nakamura, aliyeanza kazi akiwa daktari wa watoto, alivutwa na jambo jepesi ambalo mimi nilijaza katriji miaka na sikuliona: tone la printa ya wino lina ukubwa unaokaribiana na wa seli ya mwili. Kwa hiyo mashine ya kupanga seli mojamoja ilishatengenezwa na inauzwa dukani. Yeye alichagua kichwa cha printa kisichotumia moto. Siku hizi wengi wanapendelea kile cha piezo, yaani fuwele inayobadili umbo ikipigwa umeme. Fuwele inaminya kijibomba, tone linaruka, kama unavyominya chupa ya tomato kwenye chipsi. Umeme ukipigwa mara 1,000 kwa sekunde, yanatoka matone 1,000.

Kwa hiyo swali la kama seli zitakufa njiani lilijibiwa mapema, na jibu lilikuwa zuri. Kilichobaki ni kitu ambacho hakiwekwi kwenye kichwa cha habari, nacho ni hesabu. Kila tone limebeba seli ngapi?

Nenda kwenye shughuli, upande wa wapakuaji. Sufuria la pilau ni moja, upawa ni mmoja, mpakuaji ana mkono uleule. Lakini sahani hii imepata minofu mitatu, ile mmoja, na mjomba aliyetoka mbali amepata wali na kiazi. Hakuna aliyemwonea mjomba. Nyama imetawanyika ovyo kwenye wali, na upawa hauna macho.

Tone nalo ni upawa. Chukua tone la pikolita 50, na mililita moja ina pikolita bilioni 1. Ukiweka seli milioni 1 kwenye mililita, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa printa hizi, basi kwa wastani ni tone 1 tu kati ya 20 lenye seli. Matone 19 ni maji matupu. Utasema ongeza seli. Haya, ongeza mpaka milioni 20, ili wastani uwe seli moja kwa kila tone. Hesabu ya bahati inasema hivi: matone 37 kati ya 100 bado yatakuwa matupu, 37 yatakuwa na seli moja, na 26 yatakuwa na mbili au zaidi. Huo ndio wastani wa moja! Ukisoma kwenye ripoti kwamba kila tone lina seli moja kwa wastani, mkumbuke mjomba.

Na hapo nimekubali kwamba seli zimetawanyika sawasawa ndani ya katriji. Hazijatawanyika. Zinazama.

Akina mama mnaijua dawa ya maji ya watoto, ile ya unga unaokorogwa kwenye chupa. Pembeni imeandikwa: tikisa kabla ya kutumia. Asiyetikisa, siku mbili za mwanzo anamnywesha mtoto maji matamu, na siku ya mwisho anampa uji mzito wa dawa. Seli nayo ni nzito kuliko maji, si kwa sana, labda asilimia 5. Lakini inatosha. Seli yenye kipenyo cha mikrometa 15 ikizidi maji kwa kiasi hicho, hesabu inaonyesha itashuka kwa mikrometa 6 hivi kila sekunde. Ni mwendo wa konokono mgonjwa. Ila ndani ya nusu saa imeshuka sentimita nzima, na sentimita moja ndani ya katriji ni safari ndefu. Tofauti na chupa ya dawa ni kwamba kwenye printa mlango uko chini. Zile seli zinajazana mlangoni. Matone ya mwanzo yanatoka yameshiba, kisha tundu linaziba, kisha ukilizibua yanatoka maji. Unakumbuka kurasa zangu, ya kwanza michirizi, ya tano nyeupe? Mimi nilikuwa na tasnifu ya kijana mmoja. Fikiria mtu ambaye karatasi yake ni jeraha.

Watu wamejaribu kutikisa, bila shaka. Kuna waliotia kikorogeo kidogo cha sumaku ndani ya chombo, kikizunguka polepole. Kinasaidia. Lakini ukikikaza, kinazikwaruza seli. Ukikilegeza, hakifiki kule kwenye kijibomba chembamba kabla ya tundu, na ndiko zinakokusanyika. Sidhani dawa ya kweli ni kutikisa, ingawa ndilo jambo la kwanza linalomjia kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza.

Sasa lete yai. Litie kwenye glasi ya maji, taratibu. Linazama, linalala chini. Toa yai, tia chumvi kijiko cha mezani, koroga mpaka iyeyuke, rudisha yai. Bado. Ongeza kijiko kingine, na kingine tena, kidogo kidogo. Kuna mahali utafika yai litanyanyuka kutoka chini ya glasi bila kuelea juu kabisa. Litaning'inia hapo katikati, kama limesahau kuamua. Hujalitikisa, wala hujalishika. Umefanya maji yawe mazito sawa na yai, basi, halina tena sababu ya kwenda chini.

Hivyo ndivyo walivyofanya Chahal, Ahmadi na Cheung kwenye Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2012. Walirekebisha maji yanayobeba seli yakawa na uzito sawa na seli zenyewe, zikabaki zinaning'inia muda wote wa kuchapa. Idadi ya seli kwenye matone ikatulia. Haikupanda mwanzo na kushuka mwisho. Hawakununua printa mpya, walibadilisha mchuzi tu.

Lakini hawakutumia chumvi, na hapo ndipo ufundi ulipo. Kitunguu cha kachumbari ukikitia chumvi unaona kinavyotoa maji, kinalegea na kunywea. Seli ingefanya vivyo hivyo: maji yake yangevutwa nje, ingesinyaa ikafa. Sukari ya kawaida nayo ingefanya kazi ileile ya chumvi. Walitumia kitu kiitwacho Ficoll, ambacho ni sukari nyingi zilizofungwa pamoja kuwa molekuli moja kubwa sana. Na mvutano huu wa maji kutoka ndani ya seli unahesabu vichwa, haupimi uzito. Molekuli chache kubwa zinayapa maji uzito bila kuikamua seli. Ni kama kupanda daladala: mtu mnene anaongeza mzigo kwa gari lakini kondakta anamhesabu abiria mmoja.

Usidhani wamemaliza. Ficoll inaongeza mnato, na printa ya wino haipendi uji. Kioevu kikizidi mnato wa maji kwa mara 10 hivi, vichwa vingi vya printa vinaanza kukataa: tone halikatiki vizuri, linaburuta mkia, linaachia vitone vya pembeni vinavyotua pasipotakiwa. Kwa hiyo unatembea juu ya ukuta mwembamba. Ukipungukiwa seli zinazama, ukizidisha tone halitoki.

Kundi hilo hilo la Vancouver baadaye likafanya jambo ambalo mimi, kwa udaku wangu, ndilo nililolipenda kuliko yote. Walichungulia ndani ya tundu kwa kamera ya kasi sana, kuona seli inafanya nini fuwele inapominya. Wakakuta tabia tatu. Seli iliyo mbali na mdomo inasogea tu hatua moja kuelekea mlangoni, kama mtu kwenye foleni. Seli iliyo mahali pake inatoka na tone. Halafu kuna ya tatu: imefika mlangoni kabisa, zamu ni yake, fuwele inaminya, na badala ya kutoka inarudishwa ndani! Tone linaondoka tupu. Taarifa yao ya mwaka 2016 inaeleza kwamba tabia hii ya kurudishwa inaweza kubadilishwa kwa kubadilisha kile kioevu kinachobeba seli. Kumbe huenda baadhi ya matone tunayoyalaumu kwa bahati mbaya ya mjomba yana sababu nyingine inayoweza kurekebishwa. Ningekuwa mtoa fedha za utafiti, ningepeleka zangu hapo, kwenye mikrometa 60 za mwisho kabla ya mlango, na si kwenye roboti za kung'aa za kupigia picha.

Watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walichukua njia ya mtu asiyemwamini mpakuaji. Tangu mwaka 2011 walieleza mashine yenye kamera inayoangalia mdomo wa tundu. Kompyuta inatazama: je, katika tone linalofuata kuna seli moja, na moja tu? Kama ndiyo, tone linaachwa lidondoke mahali pake. Kama ni tupu, au kuna mbili, linavutwa pembeni na kufyonzwa kabla halijatua. Ni uaminifu wa hali ya juu, lakini ni wa polepole. Unafaa sana pale unapotaka seli moja kwenye kila kisima, yaani kishimo kidogo cha sahani ya maabara, kwa mfano kutafuta seli bora ya kuzalisha dawa. Kwa kujenga nyama ya kushikika ungezeeka.

Na tone likishatua? Hapo nitapita haraka, ingawa wataalamu watanilalamikia. Tone la pikolita 50 ni dogo kiasi kwamba linakauka kabla hujapiga chafya, na likikauka chumvi iliyomo inakolea, tukarudi kwenye kachumbari. Kwa hiyo linalazimika kutua penye unyevu. Nakamura alidondosha matone ya alijineti yenye seli ndani ya maji yenye kalsiamu. Alijineti ikikutana na kalsiamu inaganda papo hapo, tone linakuwa kishanga cha jeli, na kwa kuvipanga vishanga hivyo kwa mviringo akajenga vijibomba vinavyofanana na mishipa ya damu. Alijineti inatoka kwenye mwani. Akina mama mnaolima mwani Paje na Jambiani, Zanzibar, najua mmeinua masikio, lakini tulieni: ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Mwani wenu mwekundu unatoa karajinani, ile inayofanya aiskrimu na dawa ya meno zisichuruzike.

Nina ujumbe hapa wa msikilizaji, umeingia sasa hivi baada ya kusikia neno printa: "Figo lini?" Ana haki ya kuuliza. Yeyote anayempeleka mgonjwa wake kusafishwa damu mara tatu kwa wiki ana haki ya kuuliza, na tangu mwaka 2011 dunia imezungushwa picha za jukwaani za kitu chenye umbo la figo kilichotoka kwenye mashine. Kilikuwa na umbo, kazi ya figo hakikuifanya.

Ngoja tupige hesabu pamoja, kwa tone letu lile lile. Sentimita moja ya ujazo inataka matone milioni 20. Tundu moja, matone 1,000 kwa sekunde, ni saa tano na nusu. Figo la mtu mzima lina kama gramu 150. Kwa tundu moja hizo ni siku 35, usiku na mchana, bila kuziba hata mara moja, na wewe unajua katriji. Unaweza kuongeza matundu, sawa, printa za mezani zina mamia. Lakini hata kila tone lingekuwa na seli moja barabara, ungepata seli milioni 20 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati tishu ya mwili hubeba mamia ya milioni. Na seli iliyo mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya mikrometa 200 hivi inakosa oksijeni. Kwa hiyo figo la gramu 150 bila mishipa ni mzoga wa gramu 150. Jibu langu kwa msikilizaji: si karibuni, na anayekuambia ni karibuni anakuuzia kitu.

Kitu chembamba ni habari nyingine. Ngozi ni nyembamba, na chini yake mwili una mishipa tayari. Huko Winston-Salem, North Carolina, watu wa Chuo Kikuu cha Wake Forest walieleza mwaka 2019 mashine inayosukumwa hadi kando ya kitanda: inaskani jeraha kwa leza, inajua wapi pana kina na wapi hapana, kisha inadondosha seli za tabaka la chini na za tabaka la juu kila moja mahali pake. Waliijaribu kwa panya na nguruwe, na vidonda vilifunga upesi zaidi. Aliyewahi kuona mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto anaelewa kwa nini hilo tu, bila figo, lingetosha kuwafanya watu wakeshe wakihesabu matone.

Yule kijana wa tasnifu, kwa wale mtakaouliza, alikabidhi saa sita kasoro dakika nne. Kurasa zake 12 zilikuwa za kijivu.

Muda wangu umekwisha. Yai lenu la kwenye glasi halijaharibika, lioshwe tu litoke maji ya chumvi, mnaweza kulikaanga. Tukutane Alhamisi.